Siku tatu Idjwi: wamama nao wanapumzika



Juma lililopita, kisha mkutano wa Jumamosi, wengi mlituzunguka na kuuliza: «Mlienda wapi hasa? Na mlikuwa mnafanya nini siku tatu nzima?» Wengine waliuliza kwa kucheka, wengine kwa uso mkavu. Tumesikia pia kwamba kuna baba mmoja aliyesema mtaani kuwa chama cha wamama sasa kimegeuka chama cha kulala hoteli. Basi tumeona vema tueleze yote hapa, ili kila nyumba isome, na baba yule naye asome.

Tulioenda tulikuwa wanane. Tulivuka ziwa toka Bukavu mpaka kisiwa cha Idjwi, tukalala usiku mbili katika nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba vinne, tukarudi wazima. Lakini habari ya safari hii haikuanza siku tulipopanda boti. Ilianza zamani kidogo, na kuna nyumba mbili zingine ambazo lazima tuzitaje kwanza, moja kwa wema na moja kwa kuonya.

Tchegera, mahali wazo lilipozaliwa

Mwaka 2019 wanne kati yetu tulialikwa Goma kwa semina ya wamama wafanyabiashara wadogo. Semina ilipokwisha, walioialika wakatupa zawadi ambayo hatukuitazamia: usiku mbili kwenye kisiwa cha Tchegera.

Ambao hawakijui, Tchegera ni kisiwa kidogo sana ndani ya ziwa Kivu, upande wa magharibi ya Goma. Kimepindika kama mwezi mchanga, kwa sababu ni ukingo wa mlima wa moto wa kale ambao maji yalifunika sehemu yake nyingine. Ni sehemu ya mbuga ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika yote. Watu wa mbuga walijenga pale kambi ya mahema. Msifikiri ni mahema kama yale ya wakimbizi tunayoyajua wote kwa uchungu. Haya yana kitanda kizuri, shuka nyeupe, na mahali pa kuoga. Taa zinawaka kwa nguvu ya jua. Hakuna kelele ya jenereta. Usiku ulipoingia tuliketi nje, tukatazama upande wa kaskazini, na mawingu juu ya Nyiragongo yalikuwa mekundu kama makala ndani ya babula.

Asubuhi ya kwanza mmoja wetu aliamka saa kumi na moja, kama kila siku. Akatandika kitanda, akatoka, akatafuta ufagio, akaanza kufagia mbele ya hema. Kijana mmoja wa kazi akaja mbio, akamwambia kwa upole: «Mama, acha. Leo ni mimi.» Yeye akabaki amesimama na ufagio mkononi, hajui afanye nini na mikono yake. Tulicheka sana siku ile. Lakini usiku, tulipozungumza, tuligundua kwamba kati yetu wanne hakuna hata mmoja aliyekuwa amelala kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine tangu aolewe, isipokuwa hospitali, wakati wa kujifungua.

Neno hilo lilitukaa moyoni. Mwanamke wa Kivu anapumzika siku anapougua au siku anapozaa. Je, ni lazima iwe hivyo?

Tulirudi Bukavu tukasimulia. Tangu wakati ule mengi yamepita. Mwezi wa tatu mwaka 2020 mbuga ilifungiwa wageni kwa sababu ya corona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na ndugu zetu wa Goma walikimbia usiku na watoto mgongoni. Wengi wao tuliwapokea hapa katika nyumba zetu. Kisha vita vikaongezeka. Kwa hiyo hatuwaambii leo mfunge sanduku muende Tchegera. Tunasimulia tu kwamba pale ndipo tulipojifunza jambo hili: nyumba ndogo, bila makelele, bila kuharibu mahali ilipo, inaweza kumrudishia mtu pumzi.

Nyumba ya jani la kijani

Baada ya miaka michache tukajaribu sisi wenyewe. Tulisikia habari ya nyumba moja kando ya ziwa, si mbali sana, iliyojiita nyumba ya «kiekolojia». Hatutataja jina lake wala mahali ilipo. Mlangoni kulikuwa na bango zuri lenye jani la kijani. Tukalipa usiku mmoja.

Jenereta ilinguruma tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku, na moshi wake uliingia chumbani. Maji ya kunywa yaliletwa kwa chupa ndogo za plastiki, kila mtu tatu, nne. Asubuhi mmoja wetu alienda nyuma ya jikoni kuomba maji ya moto, akaona zile chupa zote, pamoja na sashe na makopo, zimetupwa kwenye mtelemko. Mvua ikinyesha, yote yanateremka ziwani. Na msichana aliyetupikia alituambia kwa sauti ya chini kwamba hajalipwa tangu miezi mitatu.

Wandugu, uchafu wa ziwa hauishii ziwani. Maji ya Kivu yanatoka kwa mto Ruzizi, hapa hapa mlangoni pa Bukavu, na juu ya Ruzizi ndipo penye mitambo ya umeme wetu tangu miaka ya 1950. Chupa na mifuko ya plastiki inafuata maji mpaka kwenye mitambo, inaziba, na mitambo inasimama. Basi tunapokaa gizani tukilalamikia umeme, tukumbuke kwamba sehemu ya giza lile tulilitupa sisi wenyewe, sashe moja moja.

Tangu siku ile hatutazami tena bango. Mtu akitusifia nyumba ya wageni tunamuuliza mambo matano. Taa zinawaka kwa nini? Choo kinaenda wapi? Takataka zinaenda wapi? Chakula kimetoka kwa nani? Na wanaofanya kazi pale ni watu wa wapi, na wanalipwa? Mwenye nyumba ya kweli anajibu bila kukasirika. Wa bango tu anabadilisha mazungumzo.

Sanduku la pumziko

Ninyi mnajua likelemba yetu. Kila Jumamosi tunatoa, na kila Jumamosi mmoja anabeba. Pesa ya likelemba ina kazi yake: masomo ya watoto, mtaji wa soko, dawa. Hatukuigusa hata franka moja. Pembeni tulianzisha sanduku dogo, tukaliita sanduku la pumziko. Kila mama aliyetaka aliweka franka 1.000 kwa juma. Wengi walianza, wengine walichoka njiani, wengine walitoa pesa yao kwa sababu ya msiba au ugonjwa, na hakuna aliyewalaumu. Baada ya majuma 80, tulikuwa wanane tuliofika mwisho, kila mmoja na franka 80.000 zake.

Tuziseme wazi, maana kuna walionong'ona kwamba tulikula dola mia mbili mia mbili. Boti kwenda na kurudi ilikuwa franka 20.000 kwa mtu. Chumba cha watu wawili kilikuwa franka 30.000 kwa usiku, kwa hiyo kila mmoja alilipa 15.000, mara usiku mbili ni 30.000. Chakula cha siku zote tatu kilikuwa 25.000. Jumla 75.000. Zile 5.000 zilizobaki ndizo zilizonunua mananasi mliyokula Jumamosi ile, pamoja na wewe baba unayesema mtaani.

Dada yetu na maji

Sasa kuna jambo ambalo mhusika mwenyewe ametupa ruhusa tuliandike, bila jina.

Kati ya wanane alikuwemo dada yetu mmoja anayeuza sambaza soko la Kadutu. Miaka mingi anauza samaki wa ziwa, lakini yeye hajawahi kukanyaga boti tangu mume wake afe. Mume alikuwa mtu wa Idjwi. Alibeba kahawa usiku kwa mtumbwi kuivusha Rwanda, kama vijana wengi wa Idjwi na wa Kalehe walivyofanya wakati ule, kwa sababu upande wetu bei ilikuwa haifai kitu na kodi zilikuwa nyingi, na upande wa pili walilipa vizuri zaidi. Walivuka usiku ili wasionekane, na mitumbwi ilijaa kupita kiasi. Ziwa lilichukua wengi. Mume wake alikuwa mmoja wao, na mwili haukupatikana.

Yeye alikuwa ameweka franka 1.000 majuma yote 80 bila kukosa. Lakini tulipokubaliana juu ya Idjwi, alinyamaza. Tulidhani atatoa pesa yake. Siku ya safari tulimkuta amefika bandarini kabla ya sisi sote, amefunga kikwembe vizuri, na kikapu mkononi. Hatukumuuliza kitu.

Tulichagua boti la asubuhi, maana upepo wa Kivu mara nyingi unaamka mchana. Tulikataa boti la kwanza kwa sababu watu walikuwa wamejazwa pamoja na magunia na hata mbuzi. Wakatucheka: «Wamama waoga!» Sawa, tuwe waoga. Hatujasahau tarehe 3 Oktoba 2024, wakati boti iliyotoka Minova ilipozama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama toka ufukoni. Tulingoja boti la pili, tukadai jile za kuogelea, kila mtu yake, tukazivaa na kuzifunga. Dada yetu alikaa katikati, amefumba macho, akishika mkono wa mweka sanduku wetu. Mweka sanduku anasema vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi alipoachiliwa.

Nyumba ya vyumba vinne

Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa Kivu, na ni territoire nzima ya Kivu Kusini. Ni nchi ya Wahavu, na pia ya Wambuti ambao ni wa kwanza kuijua misitu yake. Vita vyote vilivyopita huku bara, kisiwa kilipona sehemu kubwa, na mara nyingi kilipokea wakimbizi. Magari ni machache sana. Watu wanatembea kwa miguu, kwa pikipiki na kwa mtumbwi. Njia imezungukwa na migomba, kahawa, mihogo na mananasi, na unaposimama juu ya kilima unaona maji upande huu na maji upande ule.

Nyumba tuliyolala si kubwa. Ni vyumba vinne na baraza moja inayotazama ziwa, na jiko pembeni. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, anayelima kahawa pamoja na watoto wake wawili. Kuta ni za mawe ya kisiwa na matofali ya udongo, na alitueleza kwamba mafundi wote walikuwa vijana wa kijiji. Juu ni mabati, na kila ukingo wa bati una mfereji unaopeleka maji ya mvua kwenye tanki. Sahani mbili za sola zinawasha taa za vyumba na kuchaji simu, basi. Saa tatu usiku anakumbusha kwa upole: «Wageni wangu, jua la leo linakaribia kuisha.» Tulizima taa, tukaona nyota ambazo mjini tulikuwa tumezisahau.

Tuseme habari ya choo, maana ndiyo mliyouliza zaidi! Ni choo kikavu. Hakitumii maji hata kidogo. Kuna mashimo mawili yaliyojengwa juu ya ardhi kwa saruji, na linatumika moja kwa wakati. Ukimaliza haja unamwaga kikombe cha majivu na vumbi la mbao, unafunika. Hakuna harufu, wala inzi; tulishangaa sote. Shimo moja likijaa linafungwa muda mrefu, karibu mwaka, mpaka kila kitu kigeuke udongo mweusi mkavu, kisha unawekwa chini ya migomba. Hakuna kinachoteremka ziwani. Mmoja wetu ambaye choo cha nyumba yake kinafurika kila mvua inaponyesha alirudi kukiangalia mara tatu, akapima kwa kamba na kuandika kwenye kitabu. Anataka kujenga chake kabla ya mvua za mwezi wa tisa.

Chakula kilitoka karibu hivi kwamba tuliweza kukionyesha kwa kidole. Sambaza za usiku ule ule, zimekaangwa zikapasuka mdomoni. Bugali wa mihogo, sombe, maharage, lengalenga, na mananasi. Wazee mtakumbuka kwamba sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye anayelisha watoto wetu. Asubuhi tulikunywa kahawa ya shamba lake, iliyokaangwa kwenye chungu. Kati ya wanane, sita wetu tulikuwa hatujawahi kunywa kahawa ya Kivu iliyotengenezwa vizuri. Tumezoea unga wa kopo unaotoka mbali, na huku kahawa yetu inapanda meli kwenda kunywewa Ulaya na Marekani.

Plastiki hairuhusiwi kubaki pale. Ukija na chupa, unarudi nayo. Tulidhani ni mzaha mpaka siku ya kuondoka alipotupa kila mmoja chupa yake mkononi, zimeoshwa.

Usiku wa wavuvi

Usiku wa kwanza tulikaa barazani baada ya kula. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanatoka. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, na nyavu katikati, na taa za kuita samaki. Wanapiga makasia kwa kuimba, mmoja anaanzisha na wengine wanajibu, na sauti inatembea juu ya maji kabla hujaona taa.

Dada yetu aliposikia ule wimbo alianza kulia. Hakulia kwa sauti. Mama mwenye nyumba akamwendea, akaketi chini karibu naye, akamuuliza kwa Kihavu. Hatukuelewa yote. Baadaye tukajua kwamba mama yule naye ni mjane wa kahawa. Mume wake alizama mwaka huo huo, labda hata usiku huo huo, hawakuweza kuhakikisha. Walikaa pale wawili. Sisi tuliingia kulala tukawaacha.

Asubuhi tulikuwa tumeshakunywa kahawa, jua limeshapanda, na dada yetu bado amelala. Alilala mpaka saa tatu. Tangu tumjue, hajawahi kulala mpaka jua litoke. Hakuna aliyekwenda kumwamsha.

Mchana mama mwenye nyumba alitutembeza shambani na kutueleza jinsi mambo yalivyobadilika. Wakulima walianza koperative, upande wa Minova na Kalehe na pia hapo Idjwi. Kahawa inaoshwa vizuri, inauzwa pamoja, na bei inafaa. Mtu ambaye kahawa yake inanunuliwa vizuri mchana hana sababu ya kuivusha usiku. «Vijana wangu,» alisema, «wanajua kuogelea, lakini sitaki waogelee kwa sababu ya gunia.» Pesa ya mavuno mazuri ndiyo iliyoanzisha ile nyumba, chumba kimoja kimoja.

Siku ya tatu, kabla ya boti, dada yetu alishuka mpaka majini. Aliweka miguu ndani ya ziwa, akasimama muda, kisha akaosha uso. Aliporudi alituambia neno moja tu: «Twendeni.» Kwenye boti safari hii alikaa pembeni, akitazama.

Neno tulilorudi nalo

Sasa tunafika kwenye sababu kubwa ya kuandika haya.

Tulipolipa, mama mwenye nyumba alihesabu pesa, akatuandikia risiti, kisha akatuambia ukweli. Nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya wageni wa ng'ambo na watu wa mashirika. Zamani walikuja, hasa wakati wa kiangazi. Tangu vita viongezeke hawaji tena. Sisi tulikuwa wageni wake wa kwanza tangu miezi minne. Ameshapunguza bei mara mbili. Ana wasichana wawili wa kijiji wanaofanya kazi pale, na bado anawalipa kutoka kwa kahawa, lakini kahawa inavunwa mara moja kwa mwaka. Kama mambo yakibaki hivyo mpaka mwisho wa kiangazi, atafunga, na vyumba vitakuwa ghala.

Tulifikiri anataka kuomba msaada, tukaanza kufungua pochi. Akatuzuia. «Sitaki pesa ya bure. Nataka watu walale. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.»

Njiani tulizungumza sana. Tumezoea kufikiri kwamba nyumba kama hizi ni za wazungu, na kwamba wazungu wasipokuja, basi, kwisha. Lakini Bukavu imejaa watu wanaochoka. Kuna walimu, wauguzi, wamama wa soko, na waliofunga ndoa miaka ishirini iliyopita na hawajawahi kukaa wawili peke yao. Sherehe ya komunio tunaipata pesa. Sare ya vikwembe kwa kila arusi tunaipata. Franka 1.000 kwa juma, wengi wetu tunaweza.

Kwa hiyo wanane sisi tunaleta pendekezo mbele ya chama, na tunaomba lijadiliwe Jumamosi hii. Sanduku la pumziko liwe wazi kwa wote, na wababa wakitaka kuweka kwa ajili ya wake zao, waweke. Na kila mwezi ambao njia ya ziwa ni salama, kundi moja la wanane liende Idjwi, zamu kwa zamu kama likelemba. Makundi manne mpaka mwisho wa mwaka yanatosha nyumba ile isifungwe. Wale ambao pesa yao haijatimia wanaweza kutangulizwa na sanduku, wakalipa polepole. Mweka sanduku amepiga hesabu na ataionyesha.

Kuna dada kati yetu mwenye nyumba ya familia huko Kabare ambayo haikaliwi na mtu, na ameanza kuuliza kama naye angeweza kufungua vyumba viwili. Tumemwambia aanze na choo. Mengine tutayasema siku nyingine.

Watakaokubali wakumbuke haya: boti la asubuhi, jile imefungwa kifuani, hakuna kupanda boti iliyojaa hata kama unachelewa kurudi kazini. Sweta kwa usiku, maana ziwa letu liko juu sana, karibu mita 1.460, na baridi yake inaingia mifupani. Torchi. Kitabu cha nyimbo kwa wanaopenda. Na chupa yako utarudi nayo.

Na wewe baba uliyesema mtaani, hatuna hasira. Mke wako alikuwa mmoja wa wale wanne wa Tchegera, na ni yeye aliyeshika ufagio asubuhi ile. Ameweka franka zake majuma 31 sasa. Tunakuomba jambo moja tu: siku zamu yake itakapofika, wewe na watoto mjue mahali ugali unapopikwa, na kitanda chake mkitandike akirudi.

Tuonane Jumamosi, saa nane, mahali petu pa kawaida. Njooni na maswali, na kila mtu aje na kikombe chake, maana tumeleta kahawa.



Ni sisi, wamama wanane wa safari ya Idjwi